Uzi: Boila ya nyumba hapa Uingereza, tupime nyumba na maji kabla ya kuchagua ukubwa

Mleta uzi

Habari za wakati huu, ndugu zangu mlioko Uingereza na nchi nyingine za baridi. Naleta uzi huu kwa sababu kila ifikapo Oktoba naona watu wetu wakiulizana wanunue boila gani, yaani chombo cha gesi kinachopasha maji ya kuipa nyumba joto na ya kuoga, na majibu karibu yote huwa ni jina la kampuni na namba moja ya nguvu kwa kilowati, 30 au 35. Wengi wetu tumekulia Tanga, Mombasa au Unguja, ambako nyumba haipashwi joto na maji ya kuoga, yakihitajika ya moto, hubandikwa jikoni. Kwa hiyo fundi akiingia ndani na kusema "hapa weka 35", hatuna cha kumpimia. Ningependa tuwe nacho.

Nianze na yaliyonikuta. Nyumba yangu iko Leicester, ni ya matofali ya zamani, imeungana na majirani pande zote mbili, ina vyumba vitatu vya kulala, bafu moja na rejeta tisa, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitiwa na maji ya moto ili kupasha chumba. Boila ya zamani ilikufa Januari 2021, tukiwa na mtoto wa miezi minne. Fundi aliyekuja hakumaliza dakika 15 ndani ya nyumba: alihesabu rejeta, akauliza tuko wangapi, akaandika boila ya kombi, ile inayopasha nyumba na maji ya kuoga kwa chombo kimoja bila tangi, ya kilowati 35. Hakufungua koki hata moja wala hakupanda darini. Nilimlipa na kumshukuru, maana nyumba ilipata joto siku ile ile, na mtu aliyelala na baridi siku tatu na mtoto mchanga hana nafasi ya kuhoji.

Maswali yalikuja Oktoba. Nje hakukuwa na baridi kali, lakini boila ikawa inawaka na kuzima mfululizo. Usiku mmoja nilikaa jikoni na saa ya simu nikaipima: iliwaka dakika 1 na sekunde 40, ikazima dakika 4, ikawaka tena, na katika saa moja nilihesabu mara 10. Rejeta zilikuwa zinaunguza mkono, kisha zinapoa, na chumba cha mtoto hakikutulia kwenye joto moja. Sababu niliipata baadaye kwenye kijitabu cha boila yenyewe: chombo kile hakiwezi kupunguza moto wake chini ya kilowati 7, na usiku ule nyumba yangu ilikuwa inahitaji kilowati 2 au 3 tu. Basi kilijaza joto haraka, kikazima, kikasubiri, kikawaka upya, na kila kuwaka upya kunapoteza gesi na kuchosha vipuri.

Jambo ambalo laiti ningelijua mapema ni kwamba boila ya kombi inafanya kazi mbili zisizolingana hata kidogo, na kila kazi ina hesabu yake. Kupasha nyumba kunahitaji nguvu ndogo kwa muda mrefu. Kupasha maji ya kuoga yanayopita moja kwa moja bila tangi kunahitaji nguvu kubwa kwa dakika chache. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, 24, 30 au 35, kwa kawaida ni ya maji ya kuoga. Kuhesabu rejeta ili kupata namba hiyo ni sawa na kumpima mtu kiatu kwa kumtazama kofia.

Tuchukue kazi ya kwanza. Joto linalopotea chumbani linategemea eneo la ukuta, dirisha na sakafu, aina ya ujenzi, hewa inayopenya, na tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Nitumie sebule yangu: mita 4 kwa 4, kimo mita 2.5, ukuta mmoja tu ndio unaotazama nje. Nataka ndani nyuzi 21, na nahesabu usiku wa baridi wa nyuzi 3 chini ya sifuri, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 24. Ukuta wa matofali usio na uwazi katikati hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nikiondoa dirisha unabaki mita 7.5 za mraba, na hiyo ni wati 360. Dirisha la vioo viwili la zamani, mita 2.5 za mraba kwa wati 2.8, linapoteza wati 168. Sakafu ya mbao, mita 16 kwa wati 0.7, ni wati 269. Hewa ya chumba, mita za ujazo 40, ikibadilika mara moja kwa saa, inazidishwa kwa 0.33 (wati zinazohitajika kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa kila nyuzi) na kwa nyuzi 24, unapata wati 317. Kuta za majirani siziweki, kwa kuwa nao wamepasha kwao. Jumla ni wati 1,114. Sebule nzima, usiku wa baridi kali, inahitaji kilowati 1.1! Nilipomaliza vyumba vyote nilipata kilowati 6 na kidogo.

Asiyependa hesabu za kuta anaweza kuiuliza mita ya gesi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo shahidi bora kuliko wote, kwa sababu inasema nyumba imetumia nini hasa. Chagua siku ya baridi mkiwa nyumbani, boila ikifanya kazi mchana na usiku, uandike mita saa 2 usiku, na kesho yake saa ile ile uandike tena. Tuseme imetumia mita za ujazo 12. Mita moja ya ujazo ni takriban kilowati-saa 11.2, hivyo ni kilowati-saa 134. Boila ya zamani labda inatoa asilimia 80 ya hiyo kama joto, yaani 107. Gawanya kwa saa 24, ni kilowati 4.5 kwa wastani. Ikiwa nje kulikuwa na nyuzi 1 na ndani 20, tofauti ilikuwa 19. Ukitaka kujua mahitaji ya siku ya nyuzi 3 chini ya sifuri, zidisha kwa 23 na ugawanye kwa 19, unapata karibu kilowati 5.5. Ndani ya namba hiyo mmeshaoga na kuosha vyombo. Ongeza nafasi ya kupandisha joto asubuhi, bado hufiki 10.

Sasa kazi ya pili, maji. Majira ya baridi maji ya mfereji huingia nyumbani yakiwa na nyuzi 5 hadi 10, na mtu anaoga kwa 40 hivi. Kupandisha maji nyuzi 35, boila ya kilowati 24 inatoa lita 9.8 kwa dakika, ya 30 inatoa 12.3, na ya 35 inatoa 14.3. Hapo ndipo fundi wangu angeniokoa kwa ndoo moja tu. Nilipokuja kupima mwenyewe, nilichukua ndoo ya lita 10, nikaiweka chini ya koki ya maji baridi jikoni, nikafungua hadi mwisho, nayo ikajaa kwa sekunde 55. Hiyo ni lita 10.9 kwa dakika, na ndiyo yote ninayoletewa na bomba la mtaani. Boila yenye uwezo wa kupasha lita 14.3 haiwezi kupasha maji ambayo hayajafika! Kwa lita 10.9 kilowati 27 zinatosha, na bado naweza kuoga huku mke wangu akinawa mikono.

Kuna jambo la tatu ambalo halihusu kununua, bali kurekebisha boila uliyo nayo tayari. Tangu Aprili 2005, boila mpya za gesi zinazofungwa England ni lazima ziwe za mtonesho, kwa maana kwamba zinapooza moshi wake hadi mvuke uliomo unageuka kuwa maji na kurudisha joto lake kwenye mfumo. Lakini hilo hutokea vizuri pale tu ambapo maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yako chini ya nyuzi 54 au 55. Yangu yalikuwa yametegeshwa kutoka kwenye boila yakiwa na nyuzi 75 na kurudi yakiwa na 63. Nilitoka nje nikatazama bomba jembamba la plastiki linalomwaga maji ya mtonesho kwenye kishimo cha maji machafu: lilikuwa halitoi kitu. Nilishusha joto la rejeta hadi 55, nikarudi baada ya nusu saa, nikakuta linatiririsha maji. Maji yale ni joto ambalo nilikuwa nalipia na kulipeperusha hewani.

Karibuni kwa maswali, na mafundi mliomo humu nisahihisheni pale nilipokosea.

Mchangiaji wa kwanza (Glasgow)

Ahsante sana kaka kwa somo hili. Mimi niko Glasgow, tuko watu sita pamoja na mama mkwe, nyumba ina mabafu mawili, na asubuhi watoto wawili wanaoga wakati mmoja kabla ya shule. Boila tuliyo nayo ni kombi ya 30, na mmoja akifungua maji, mwingine anapiga kelele. Fundi amenishauri niweke kombi ya 40. Nimepima kwa ndoo kama ulivyoelekeza, lita 10 zimejaa kwa sekunde 33.

Mleta uzi

Dada, sekunde 33 ni lita 18 kwa dakika, kwa hiyo bomba lako la mtaani halina tatizo. Shida ni kwamba kombi ya 30 inagawa lita zake 12.3 kwa mabafu mawili, kila mtoto anapata lita 6, na mama mkwe akifungua koki jikoni hata hizo zinapungua. Kombi ya 40 itakupa lita 16.4, yaani 8 kwa kila bafu, na hakuna ya ziada kwa jikoni. Kwa familia yako ningetazama boila isiyo ya kombi pamoja na silinda ya kuhifadhi maji ya moto.

Silinda ya lita 210 ikiwa na maji ya nyuzi 60, ukiyachanganya na ya baridi ya nyuzi 5, inakupa kama lita 330 za nyuzi 40. Mtu akioga dakika 8 kwa lita 10 kila dakika anatumia 80, hivyo ni watu wanne mfululizo kabla silinda haijaisha, na boila haikai kimya wakati huo. Ya lita 250 inakaribia watu watano. Uzuri wake ni kwamba boila yenyewe haihitaji kuwa kubwa tena, kwa kuwa silinda ndiyo inayobeba wimbi la asubuhi: kupasha lita 210 kutoka 10 hadi 60 kunahitaji kilowati-saa 12, na boila ya kilowati 18 inaimaliza kwa dakika 40 hivi, ikiwa koili ya silinda, yaani bomba la kujizungusha ndani yake linalopitisha joto la boila, inaweza kupokea nguvu yote hiyo. Unachohitaji ni nafasi, kabati la kuingia silinda na mabomba yake. Usikubali silinda itegeshwe chini ya 60 kwa ajili ya kubana matumizi, kwa kuwa maji ya vuguvugu yanayokaa huzalisha bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu.

Mchangiaji wa pili (fundi wa gesi, London)

Mleta uzi ameandika vizuri, na hesabu zake za maji nimezirudia, ziko sawa. Naomba niongeze mambo ambayo mwenye nyumba hayaoni kwa macho.

La kwanza, mafundi wengi watakwambia kwamba boila kubwa si tatizo kwa kuwa upande wa rejeta unaweza kupunguzwa, na ni kweli: boila nyingi za kombi zinaruhusu kilele cha kupasha nyumba kishushwe hadi 10 au 12 bila kugusa nguvu ya maji. Fanyeni hivyo, inasaidia hasa asubuhi mfumo unapoanza. Lakini kushusha kilele hakushushi kiwango cha chini, na ni kiwango cha chini ndicho kilichomfanya mleta uzi ahesabu mara 10 kwa saa. Unapoletewa karatasi ya bei, uliza boila hii inashuka hadi kilowati ngapi. Zipo za ukubwa ule ule, moja inaishia 7 na nyingine inashuka hadi 3, na kwa nyumba ndogo tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya majina ya kampuni.

La pili ni bomba la gesi. Gesi hutoka kwenye mita ikiwa na presha ya takriban milibari 21, na kutoka hapo hadi kwenye boila hairuhusiwi kupotea zaidi ya milibari 1 vyombo vyote vya gesi vikiwa vinafanya kazi. Bomba la milimita 15 lililotosha boila ya zamani mara nyingi halitoshi kombi ya 30, sembuse 35, hasa mita ikiwa mbele ya nyumba na boila ikiwa nyuma jikoni. Fundi asiyetaja bomba kabisa ama amelipima tayari, ama ameamua kutolitazama. Muulizeni.

La tatu, rejeta. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye rejeta dukani imepimwa rejeta ikiwa na joto la nyuzi 50 zaidi ya chumba. Ukiendesha mfumo kwa maji ya 55 yanayorudi yakiwa na 45, tofauti inakuwa 30, na rejeta ya wati 2,000 inatoa takriban wati 1,030. Sebule ya mleta uzi ya wati 1,114 ingepungukiwa kidogo na rejeta hiyo usiku wa baridi kali. Kwa hiyo shusheni joto taratibu, nyuzi 5 kwa siku kadhaa, mpaka chumba kimoja kilalamike, kisha mbadilishe rejeta ya chumba hicho tu kwa yenye mabamba mawili.

Mwisho, kabla ya boila mpya kuwashwa, mfumo uoshwe hadi maji yatoke safi, uwekewe dawa ya kuzuia kutu na chujio la sumaku. Nimefungua mashine za mwaka mmoja nikakuta tope jeusi zito kama masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta.

Mleta uzi

Nashukuru sana, mkuu. Nimeenda kupima rejeta ya sebuleni sasa hivi, na kwa jedwali la mtengenezaji ni ya wati 1,900, jambo linaloeleza kwa nini mke wangu alijifunika shuka siku ile ya theluji. Nitaibadilisha hiyo moja.

Mchangiaji wa tatu (Reading)

Sisi tunapanga, nyumba si yetu. Je, kuna lolote katika haya linalotuhusu?

Mchangiaji wa pili (fundi wa gesi, London)

Lipo, ndugu yangu. Mwenye nyumba analazimika kisheria kukaguliwa vyombo vyake vya gesi kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na wewe mpangaji unapaswa kupewa nakala ya cheti ndani ya siku 28. Kadi ya fundi igeuzwe nyuma, kwani ndipo palipoandikwa kazi anazoruhusiwa. Wapo wenye ruhusa ya majiko ambao hawana ya boila. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba wa England anatakiwa pia aweke king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu, katika chumba cha kuishi chenye chombo cha kudumu kinachochoma gesi, mafuta, kuni au makaa, majiko ya gesi ya kupikia yakiwa hayamo. Kama boila iko chumbani na king'ora hakipo, mwandikie leo. Gesi hiyo haina harufu, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na kichefuchefu, watu hudhani ni mafua.

Kuhusu joto, ile nobu yenye picha ya rejeta unaruhusiwa kuizungusha mwenyewe. Kifuniko cha boila usikifungue.

Mchangiaji wa nne (Bristol)

Naomba kuuliza. Kwa kuwa serikali inatoa ruzuku ya pampu za joto, zile za umeme zinazovuta joto la nje na kulileta ndani, je, kuna maana yoyote ya kuhangaika na boila ya gesi?

Mleta uzi

Swali zuri. Oktoba 2023 ruzuku hiyo kwa England na Wales ilipandishwa hadi pauni 7,500 kwa pampu ya joto inayochukua nafasi ya mfumo wa gesi au mafuta, na kwa nyumba yenye ua na nafasi ya silinda mimi ningeomba makadirio ya bei kabla ya kuamua lolote. Ila hesabu ya upotevu wa joto niliyoieleza juu inakuwa muhimu maradufu, maana pampu ya kilowati 6 ni chombo tofauti kabisa na ya 12 kwa bei na kwa ukubwa, na inafanya kazi vizuri kwa maji ya nyuzi 45 hadi 50. Anayeendesha boila yake kwa 55 majira haya ya baridi na nyumba ikawa na joto la kutosha, ameshaifanyia nyumba yake jaribio la pampu bila kutumia hata senti.

Mchangiaji wa kwanza (Glasgow)

Ndugu zangu, narudi na majibu. Nimemwita fundi mwingine, mwanamama, alikaa saa mbili na nusu. Alipima kila dirisha, akapanda darini, akakuta pamba ya kuzuia joto lisipotee ni ya sentimita 10 tu, akasema ifikishwe 27 kabla ya yote. Hesabu yake ya nyumba ni kilowati 9.4 kwa usiku wa nyuzi 5 chini ya sifuri. Amependekeza boila ya 18 yenye uwezo wa kushuka hadi 3, na silinda ya lita 250 kwenye kabati la ngazini, ambalo mama mkwe ameshaanza kuhamisha masufuria yake kutoka humo. Bomba la maji ya mtonesho amesema kipande kitakachopita nje kitakuwa cha milimita 32 na kitafunikwa kwa sponji, ili lisigande Januari na kuzima boila. Nilimuuliza kuhusu chokaa ya maji inayoganda ndani ya boila na mabomba, akacheka kidogo akasema maji ya Glasgow yanatoka ziwa la Loch Katrine na ni laini, yaani yana chokaa kidogo, hayo niwaachie wa London. Kazi inaanza Jumatatu.